Aprilia ya silinda mbili kwa njia za Sengerema: ninunue au niiache?

*"Shikamoo fundi. Nanunua dagaa kwenye mialo ya upande wa Sengerema. Mzigo unakuja Mwanza kwa gari, mimi natangulia na pikipiki kukagua na kulipa. Kwa wiki natembea kama kilomita 200, nusu lami nusu vumbi, na masika ni tope tupu. Kwa sasa nina boksa (Bajaj Boxer ya silinda moja). Kuna mzungu anamaliza mkataba mgodini Geita, anauza Aprilia RXV 550 ya mwaka 2008, imetembea kilomita 9,000, anataka milioni 8. Nimesoma maoni ya waendeshaji wa nje mpaka nimechanganyikiwa. Mmoja anasema hajawahi kupanda pikipiki tamu kama hii, mwingine anasema ilimfia mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Rafiki yangu naye anasema silinda mbili zinagawana kazi, kwa hiyo injini itadumu mara mbili ya hizi zetu. Nani mkweli? Na hapa Mwanza nitapata wa kuitengeneza?"*

Marahaba, mdogo wangu. Hao waendeshaji wawili wote ni wakweli. Aliyekosea ni rafiki yako, tena amekosea mahali pabaya, kwa sababu neno lake ndilo linaloweza kukutoa milioni 8 mfukoni. Nianze na yeye.

Silinda mbili hazigawani kazi kama watu wawili wanaobeba gunia moja. Injini ya kushindana porini hupewa ujazo fulani, na mtengenezaji huamua aumwage wote kwenye chungu kimoja au augawe kwenye viwili. Chukua 450 ya kawaida ya silinda moja, mfano Yamaha WR450F ya miaka hiyohiyo. Pistoni yake ina upana wa milimita 95 na inapanda na kushuka zaidi ya milimita 63. Aprilia walipotengeneza ndugu mdogo wa hiyo unayoitaka, RXV 450, waliweka pistoni mbili za milimita 76, zinazopanda milimita 49.5 tu. Hiyo ya 550 ina pistoni za milimita 80 na mwendo wa milimita 55, jumla sentimita za ujazo 553. Pistoni ndogo ni nyepesi, na safari yake ni fupi. Kitu chepesi chenye safari fupi unaweza kukikimbiza sana kabla hakijavunjika, na faida yote ya silinda mbili iko hapo. Walizigawa ili injini izunguke kwa kasi zaidi na nguvu itoke kwenye ile kasi. Kudumu halikuwa lengo.

Sasa pima na nyingine. Yamaha Ténéré 700 nayo ni ya silinda mbili na nayo inapita porini. Ina ujazo wa 689 na inatoa nguvu ya farasi kama 72, kileleni kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika. Hiyo Aprilia ya 553 walioitengeneza waliitangaza kwa farasi karibu 70. Farasi wanakaribiana, lakini injini moja ni ndogo kwa zaidi ya sentimita 130 za ujazo. Hao farasi wa ziada wametoka wapi? Wametolewa kwa kuikamua, kwa kuipeleka zaidi ya mizunguko 10,000, kwa ringi nyembamba, kwa valvu nyepesi nne kila upande, kwa oili chache inayofanya kazi nyingi. Ténéré utaikagua valvu baada ya kilomita 40,000. RXV ukiifikisha hapo bila kuifungua, nitaomba nipige nayo picha. (Na farasi 70 wenyewe hutawaona wote huku. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Tanga, na injini yoyote isiyo na tabo (turbo) inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Injekta, zile zinazonyunyizia petroli, zitaipunguza ilingane na hewa, ila hewa yenyewe haziwezi kuiongeza.)

Ukishalielewa hilo, ugomvi wa wale waendeshaji unakwisha wenyewe. Anayeisifu ni mtu wa Jumapili. Anaitoa kwenye banda, anakwenda kucheza saa tatu kwenye michanga, anarudi, anaiosha, anabadilisha oili, anaifunika. Anapima maisha ya injini kwa saa, na kwake huu ni mnyama wa ajabu: ina mlio wa V wa nyuzi 77 (silinda mbili zimekaa kwa umbo la V) usiofanana na pikipiki nyingine ya vumbi, mtetemo mdogo mikononi, na kwenye njia pana ya kasi inatulia kama gari. Anayeilaani aliinunua kwa sababu ilikuwa na taa na namba, akaipeleka kazini kila siku, akahesabu kilomita kama anavyohesabu kwenye pikipiki ya barabarani. Ikamfia. Pikipiki ni ileile, waliyokosana ni saa na kilomita.

Wanaoitetea wana ushahidi mmoja mzito, nami siufichi. Mwaka 2010 mbio za Dakar zilipofanyika Amerika Kusini, Mchile Francisco López alimaliza wa tatu kwa jumla akiwa juu ya RXV 450. Injini mbovu haifiki wa tatu Dakar. Lakini kumbuka pia Dakar ikoje: kila jioni mafundi wa timu wanaingoja pikipiki kambini na spea zimepangwa kwenye lori. Wewe ukirudi jioni kutoka mwaloni anakungoja mama watoto na ugali, si fundi mwenye kasha la pistoni.

Tupige hesabu yako basi. Kilomita 200 kwa wiki, nusu lami nusu vumbi, tuseme mwendo wako wa wastani ni kilomita 40 kwa saa. Hizo ni saa 5 kwa wiki, saa 260 kwa mwaka, zaidi ya kilomita 10,000. Kwa injini ya namna hii mimi ningekuambia ubadilishe oili kila saa 10 hadi 15, maana yake kila baada ya wiki mbili au tatu, na oili yenyewe ni ya bei, si ile ya kopo la boksa. Ningetaka kuzipima valvu zote nane kila baada ya miezi michache. Ningetaka kuona pistoni na ringi kabla mwaka haujaisha, pengine mara mbili. Kila ninachokitaja kizidishe kwa mbili, kwa sababu kuna silinda hedi mbili, seti mbili za ringi, minyororo miwili ya taimingi na vikaza-mnyororo viwili. Mnyororo wa taimingi, ule unaoendesha valvu, ukilegea na kuruka jino, valvu inakutana na pistoni, na hapo hatuzungumzi tena habari ya matengenezo.

Halafu rudisha hesabu hiyohiyo kwenye pikipiki unayouziwa. Kilomita 9,000 kwa boksa ni ujana. Kwa hii, ikiwa imepita zaidi kwenye vumbi la Geita, ni kama saa 250 hivi. Swali la kwanza la kumuuliza huyo mzungu lisiwe bei. Muulize: "Injini imefunguliwa mara ngapi, na risiti za spea ziko wapi?" Akikujibu kwa fahari kwamba haijawahi kuguswa, mshukuru, kunywa soda yake, uondoke.

Kuna jambo jingine kuhusu silinda mbili ambalo sijaona wengi wakilieleza, nami nililijifunza kwa gharama ya mteja. Miaka kadhaa nyuma nililetewa gereji pikipiki kubwa ya silinda mbili, ya aina nyingine. Mwenyewe analalamika kwamba imekuwa nzito na inakula mafuta, akasema petroli ya Buhongwa ni chafu. Alikuwa ameiendesha hivyo karibu wiki nzima. Kumbe koili ya silinda ya nyuma, ile inayoipa plagi umeme, ilikuwa imekufa. Boksa yako koili ikifa, inazima, unasukuma, unamlaani shetani, lakini injini iko salama. Ya silinda mbili haizimi. Ile nzima inaendelea kuvuta, na ile iliyokufa inaendelea kumwagiwa petroli isiyowaka. Petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda, inashuka chini, inachanganyika na oili ya krenki na kuifanya nyepesi kama maji ya mchele. Tulipofungua, kuta zilikuwa zimekwaruzwa tangu juu hadi chini. Kwa hiyo ule msemo kwamba moja ikifa nyingine itakufikisha nyumbani ni kweli, itakufikisha. Ila ukifika usiiwashe tena mpaka ujue kilichotokea.

Kwenye njia zako hasa, nikuambie itakavyokuwa. Lami ya kutoka Usagara, ukavuka daraja jipya la Kigongo hadi Busisi, utafurahi sana. Tangu lilipofunguliwa Juni 2025 hakuna foleni ya kivuko ya kukupoza, na hiyo pikipiki itakuomba uifungulie. Usiifungulie. Kwenye luseni, yaani ule udongo wa kichanga, bado utafurahi, kwa sababu mchanga unapenda injini yenye pumzi. Shida inaanza unapoingia mbuga. Wewe ni mtu wa huku, unaujua udongo mweusi wa mbuga ukinyeshewa: unashika tairi, unapanda kwenye madigadi, gurudumu linagoma. Pale unahitaji pikipiki inayotambaa polepole, nyepesi kuinyanyua, isiyozima. RXV ni nzito kuliko wenzake wa silinda moja wa mashindano, na sehemu zake zinazozunguka ndani ni nyepesi, kwa hiyo mwendo wa chini haina ile nguvu ya kusukasuka. Ukifungua mkono kidogo inaruka, ukifunga inazima ghafla. Hilo hata wanaoipenda wanalikiri. Na ikizima kwenye tope, haina kiki. Ni stata na batri tu, na batri ikiwa chini hata pampu ya petroli haifanyi kazi vizuri, hivyo kuisukuma ili iwake ni kujichosha. Wakati huohuo tope limeziba rejeta, mwendo ni mdogo, upepo hakuna, joto linapanda.

Tangi lake nalo ni dogo, halifiki lita 8. Kwa mkono wa kawaida usitegemee zaidi ya kilomita 100. Mtu wa boksa akiishiwa huko mialoni ananunua chupa ya petroli kibandani na safari inaendelea. Injekta hazisamehi petroli ya chupa iliyokaa juani na vumbi lake chini. Ukiamua kuinunua, beba kitambaa safi cha kuchujia na uone haya kidogo mbele ya watu, ni bora kuliko kuosha injekta kila mwezi. Na fremu ya nyuma ile haikutengenezwa kubeba kitu. Siku utakayofungia debe la dagaa la mfano nyuma ya kiti, ndiyo siku utakayonitafuta kwa ajili ya kuchomelea aluminiamu.

Sasa kuhusu mafundi. Mwanza ina mafundi wazuri, na vijana wanaotoka VETA pale Nyakato wengine wana mikono kuliko mimi. Injini ya V si muujiza, anayejua kupanga taimingi ya silinda moja kwa kusoma alama atajifunza ya pili. Kinachokosekana ni vitu. Hutapata gasketi, ringi wala mnyororo wa taimingi wa RXV kwenye duka lolote la spea mjini, na kwa kuwa kiwanda kiliacha kuitengeneza miaka mingi iliyopita, hata huko Ulaya baadhi ya spea zinatafutwa kwa wenye mitumba. Utaagiza, utalipa usafiri na ushuru, utangoja wiki. Halafu kuna kitabu na programu ya kusoma makosa ya kompyuta yake. Bila hivyo fundi anabahatisha, na kubahatisha kwenye valvu za bei ile sipendi hata kukusimulia. Jingine dogo linaloua: oili ya injini na oili ya gia hazikai pamoja kama kwenye boksa yako, kila moja ina mahali pake na kipimo chake. Fundi asiyejua atajaza upande mmoja na kukuambia kazi imekwisha.

Sijasema uiache. Nimesema usiifanye ya kazi. Ikiwa biashara ya dagaa imekukubali, boksa inabaki, na unataka kitu cha moyo cha kutoka nacho Jumapili kuelekea Magu au kule milimani Misungwi, na una milioni 3 au 4 nyingine za kuifungua na kuijaza spea kabla hujaipanda kwa fujo, basi inunue, na mimi nitakuwa wa kwanza kuja kusikiliza mlio. Ila bei ya milioni 8 kwa injini ya saa 250 isiyo na risiti ni kubwa. Ningeanzia nusu.

Kama unachotaka ni kupanda daraja kutoka boksa na bado ufike mwaloni masika, macho yangu yako kwenye silinda moja. Honda CRF250L iliyotumika, ya kuagiza Japani, ina ujazo wa 249, inapozwa kwa maji, inawaka kila asubuhi, na nguvu zake ndogo utazizoea ndani ya wiki. Hata Yamaha DT au AG za miradi zinazouzwa kwa mnada, ukipata ambayo fremu haijapinda, zitakupeleka kila mahali dagaa wanakoanikwa. Ténéré 700 niliitaja kwa kulinganisha tu. Ni chuma kizuri, na kilomita 10,000 zako kwa mwaka ingezimeza bila kukohoa, lakini ina kilo zaidi ya 200, na wewe peke yako kwenye mbuga hutainyanyua mara ya tatu. Bei yake pia ni mazungumzo ya watu wengine.

Kabla hujatoa hata shilingi, pita ofisi ya TRA na namba ya chasisi. Wageni wengine wa migodi na miradi huingiza vyombo kwa msamaha wa kodi, na msamaha ule ni wa mtu, hauhami na chombo. Ukinunua bila kuuliza, deni la ushuru linaweza kukutafuta wewe. Kama kadi haina jina lake, hapo hapana mazungumzo.

Na ukienda kuiona, mwambie asiiwashe kabla hujafika. Shika injini kwa mkono, iwe baridi. Chomoa kijiti au tazama kidirisha cha oili, nusa: ikinuka petroli, umeshapata jibu. Kisha iwashe ukiwa na chupa ya maji. Baada ya nusu dakika nyunyiza tone moja kwenye bomba la ekzosi la silinda ya mbele na tone jingine kwenye la nyuma, karibu na injini. Yote mawili yachemke na kukauka sawasawa. Likikawia moja, silinda ile haichomi vizuri. Sikiliza sekunde za mwanzo: mnyororo wa taimingi uliochoka unagonga kama kijiko kwenye sufuria kabla oili haijapanda, halafu unanyamaza na muuzaji anakuambia "ni kawaida yake". Si kawaida yake. Iache ipate moto mpaka feni iwake, izime, ngoja dakika tano, iwashe tena. Ikisumbua kuwaka ikiwa na moto, mara nyingi valvu zimebana. Moshi wa bluu unapoachia mkono baada ya kuivuta unasema ringi au sili za valvu.

Mtihani wa mwisho siwezi kuufanya kwa maandishi. Kupima mgandamizo wa kila silinda kunahitaji geji na dakika ishirini. Silinda mbili zikitofautiana sana, namba zenyewe hata zikiwa kubwa hazinifurahishi. Akikubali, mlete naye gereji pamoja na pikipiki siku yoyote ya kazi kabla ya saa nne asubuhi, ingali baridi. Akikataa kuipima mbele ya fundi, nipigie kutoka hapohapo barabarani, tutazungumza habari za CRF.